Jumapili umeokoka, Jumatatu je?

Mwezi huu naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakiimba sana kanisani, lakini tukifika kazini tunakiacha kwa mlinzi pale getini pamoja na mwavuli. Naongelea imani.

Si unazijua zile ofisi? Ukutani kuna kalenda ya dayosisi. Asubuhi wafanyakazi wanakutana robo saa kwa maombi. Simu ya bosi ikiita, unasikia kwaya. Halafu kuna mama ametoka kijijini tangu saa kumi alfajiri, amesimama mbele ya dirisha na karatasi zake mkononi, na dada aliye ndani ya dirisha hajainua hata kichwa. Anachati. Mama anakohoa kidogo ili aonekane. Anaambiwa, "Subiri, huoni niko bize?"

Swali langu ni dogo tu. Yule mama akirudi nyumbani jioni, atawaeleza nini watu wake kuhusu Mungu wa ile ofisi?

Najua utaniambia, "Dada wa safu, hao ni wachache." Sawa. Lakini tuwe wakweli: wengi wetu tunafikiri kuwa Mkristo kazini ni kutoiba, kutokunywa na kutotoka na bosi. Hayo ni mazuri, tena sana. Ila ni orodha ya vitu usivyofanya. Je, kile unachofanya kiko wapi? Maana ukisoma Yohana sura ya 13, unamkuta Yesu amejifunga kitambaa kiunoni, anaosha miguu ya wanafunzi wake. Ile ilikuwa kazi ya mtumishi wa ndani. Na usisahau kwamba Yuda naye alikuwa bado amekaa pale mezani.

Dakika moja ya Haydom

Sasa tusibaki hewani. Twende mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa namba.

Ukitoka Mbulu mjini ukaelekea kusini magharibi, unafika Haydom. Hospitali ya Kilutheri iliyopo pale ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway, na leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Wanaokuja kutibiwa ni Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyiramba, Wasukuma na wengine wengi. Wapo Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, na wapo wanaofuata imani za mababu zao. Uchungu wa kuzaa hauulizi dhehebu.

Mwaka 2010 wahudumu wa leba pale walipata mafunzo ya siku moja: namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo yenyewe ni mazuri, yalitengenezwa maalum kwa ajili ya sehemu zisizo na mashine nyingi. Kiini chake ni kile kinachoitwa Dakika ya Dhahabu. Mtoto akitoka, mkaushe, msugue mgongo, msafishe njia ya hewa ikibidi. Kama bado hajavuta pumzi, ndani ya dakika ile ile ya kwanza mpe hewa kwa mfuko na barakoa. Ni dakika moja tu. Ukianza kuulizana mfuko uko kabati gani, imekwisha.

Mazoezi yanafanywa kwa mwanasesere. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumwokoa yule mwanasesere walikuwa asilimia 18. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, walifika asilimia 74. Kwenye karatasi, unapiga makofi.

Lakini watafiti walipoangalia chumba chenyewe cha kuzalia, penye mtoto wa kweli na mama wa kweli, walikuta huduma haijabadilika. Mwanasesere aliokolewa vizuri. Mtoto alibaki na huduma ile ile ya zamani.

Hebu kaa na hilo kidogo, msomaji. Wale hawakuwa watu wabaya. Walijua la kufanya, na walionyesha kwenye mtihani kwamba wanajua. Ila kati ya kujua na kufanya kuna korongo, na siku moja ya semina haikutosha kulivuka.

Basi wakabadili mtindo. Kuanzia Februari 2011 mazoezi yakaletwa pale pale kazini: dakika tatu hadi tano, kila wiki, na zoezi refu la dakika 40 kila mwezi. Hayakuwa na mbwembwe. Unaingia zamu, unamchukua mwanasesere, unarudia. Wiki ijayo unarudia tena. Yale yale.

Mwaka mmoja baadaye, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ile ilikuwa inazalisha zaidi ya 4,800 kwa mwaka. Piga hesabu: ni karibu watoto 19 katika mwaka mmoja. Leo hao wana umri wa kuwa sekondari. Huwezi kuwataja kwa majina, kwa sababu hakuna anayejua ni yupi hasa angekufa na ni yupi angepona tu. Wenyewe hawajui. Mama zao hawajui. Hakuna aliyerudi na kuku wa shukrani.

Na kuna jambo lingine lililonigusa. Watoto waliohitaji kupewa hewa kwa mfuko walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Wakati huo huo, waliosuguliwa mgongo na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka. Yaani kadiri yale madogo ya mwanzo yalivyofanywa kwa watoto wengi zaidi, ndivyo waliofikia hatua kubwa walivyokuwa wachache.

Kazi ile haikuishia Haydom. Mpango mpana zaidi uliokua kutokana nayo ulipelekwa kwenye hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, na huko pia vifo vya watoto vilipungua.

Wewe si mkunga. Najua.

Wewe ni mhasibu wa halmashauri. Ni mwalimu wa sekondari, afisa mikopo wa benki, fundi simu pale stendi, au una saluni yako Katesh. Hii inakuhusu nini?

Inakuhusu hivi. Ibada ya Jumapili ni kama yale mafunzo ya siku moja. Unatoka pale umefaulu. Umelia, umesamehe, umeahidi. Ungepimwa mlangoni saa ile ile, ungepata 74 kwa 100. Jumatatu saa mbili na nusu anaingia mteja wa kweli, mwenye harufu ya safari na maswali yanayojirudia, na huduma anayoipata ni ile ile ya mwezi uliopita. Upendo wetu unamwokoa mwanasesere.

Kinachovusha korongo lile ni kurudia kidogo kidogo, mahali pale pale pa kazi, kabla mwenye shida hajafika. Wengi tunadhani kuwatumikia watu ni hali ya moyo, kwamba ukiguswa utatenda. Mimi nasema ni ujuzi, kama kuendesha gari. Siku ya hatari mguu haungoji kuguswa, unakwenda kwenye breki wenyewe kwa sababu umeshazoea.

Kwa hiyo mwalimu anayempenda Mungu anaandaa somo usiku kwa ajili ya yule mtoto wa mwisho darasani, si kwa ajili ya mkaguzi. Mhasibu anapanga mafaili yake vizuri ili mjane akija kufuatilia mafao asiambiwe arudi wiki ijayo. Fundi anakwambia ukweli kwamba simu yako haijafa, imejaa vumbi tu, na anakutoza hela ya vumbi. Mtu wa stoo anahakikisha kifaa kipo mahali pake. Nani atamsifu mtu wa stoo? Lakini kule leba, kama mfuko haupo mahali pake, imani ya mkunga haitaleta hewa.

Huko ndiko kuwahudumia watu kwa maana halisi: kuwa tayari kwa mtu ambaye hujamwona, na ambaye pengine hatajua kamwe kwamba ulikuwa tayari.

Anayesimama mbele yako

Kuna jambo la pekee kuhusu Mbulu na Hanang ambalo sisi wa mijini tunaweza kujifunza. Lugha zinazokutana kwenye foleni moja kule hazina hata undugu. Kiiraqw ni Kikushi. Kidatoga ni Kiniloti. Kinyiramba ni Kibantu. Kihadzabe kiko peke yake. Sasa mchukue bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mweke mbele ya kijana aliyetoka chuo jana, amepangiwa kazi huku na hajui hata salamu ya wenyeji.

Kijana ana njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha sauti, kana kwamba bibi ni kiziwi. Ya pili ni kumwita mtu wa kutafsiri, kumvutia bibi kiti, na jioni kumwomba jirani amfundishe maneno kumi ya kuanzia: pole, wapi panauma, tangu lini, kaa hapa, asante. Maneno kumi tu. Kesho bibi mwingine akija, unamwona uso wake unafunguka kabla hata ya dawa.

Kujifunza maneno kumi ni ibada. Hakuna atakayekuandika kwenye gazeti, lakini ni ibada.

Jumapili ile ya Katesh

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri ile, watu wakiwa bado vitandani na wengine wakijiandaa kwenda kanisani, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu 89 walifariki. Nyumba zilifukiwa, maduka yakajaa tope, na familia zilizobaki bila kitu zikahifadhiwa kwenye shule.

Siku zile Tanzania ilionyesha moyo. Wanajeshi, vijana wa JKT, polisi, zimamoto, Msalaba Mwekundu, manesi, madereva, wenye matrekta na wananchi wa kawaida waliingia kwenye tope. Misaada ikaja kutoka kila kona. Tope halikuchagua dhehebu, na wenye makoleo hawakuchagua pia.

Tunawapongeza. Ila nataka niseme jambo bila kuwavunjia heshima. Siku ya maafa, karibu kila mtu ana moyo, kwa sababu kamera zipo na uchungu uko machoni. Shida ni Jumanne ya kawaida, miezi kadhaa baadaye, wakati aliyepoteza mke na nyumba anapokuja dirishani kwako kufuatilia cheti kilichosombwa na tope, mara ya tatu. Hapo hakuna kamera. Kuna wewe, yeye, na muhuri. Hapo ndipo imani inapoingia kazini.

Tusichanganye mambo

Jamani, msije mkasema safu hii imewafundisha kugeuka zulia la watu. Naomba nitenganishe vitu vinne.

Kwanza, kutumikia si kuhubiri saa za kazi. Mgonjwa amelala, hawezi kukimbia, halafu wewe unambana na mahubiri? Mhudumie vizuri. Akiuliza mwenyewe kwa nini uko hivyo, mjibu kwa upole. Asipouliza, huduma yako imeshasema.

Pili, kutumikia si kumpitisha mlangoni mtu wa kwaya yenu. "Huyu ni wa kwetu, mpitishe." Hapana. Huo ni ukabila uliovaa joho. Yule aliyefika saa kumi alfajiri, ambaye humjui na hasali kwenu, ndiye mtihani wako.

Tatu, kutumikia si kufanya kazi za mtu mvivu kila siku. Mwenzio akiumwa, shika zamu yake. Akiwa anakwenda zake kunywa, mwambie ukweli. Kumficha mzembe si upendo, kwa sababu anayeumia ni yule wa kwenye foleni.

Nne, na hili ni gumu: kutumikia ni pamoja na kukataa chai. Nyote mnaijua hiyo chai isiyo na sukari wala majani. Mshahara ni mdogo, kodi ya nyumba imefika, na mteja mwenyewe amekunja noti ndani ya faili. Sitakudanganya kwamba ukikataa Mungu atakulipa mara mbili mwisho wa mwezi. Inawezekana ukakataa na ukalala na madeni yako. Lakini yule mkulima wa vitunguu aliyeuza gunia lake ili akupe wewe hiyo noti, naye ana watoto.

Na nyumbani je?

Sasa wapenzi wangu, hapa ndipo napowataka nyinyi wawili mkae pamoja. Zima luninga kidogo.

Kuna watu ni watumishi nje na ni mabosi ndani. Ofisini anaitwa malaika. Wagonjwa wanamwombea, wateja wanamtaja. Akifika nyumbani, tabasamu limeisha chaji. Mke akiuliza kitu anajibiwa kwa mguno. Mume akitaka kuongea anaambiwa, "Nimechoka, nimehudumia watu siku nzima." Yaani mwenzio anapata makombo ya upendo uliogawa mchana.

Usinielewe vibaya. Kazi ya kuhudumia watu inachosha kweli. Nesi anayetoka zamu ya usiku, ambako mtoto ameponyoka mikononi mwake saa tisa, haji nyumbani kupika chapati akiimba. Anakuja akiwa amebeba kitu. Hapo ndipo mwenzake anapoingia kwenye huduma ile ile. Maji ya kuoga yakiwa tayari, watoto wameshakwenda shule, na mtu anayesema, "Pole. Unataka kuongea au unataka kulala?", hiyo ni Dakika ya Dhahabu ya ndoa. Kumbuka namba za Haydom: ukifanya madogo mapema, mnaofikia hatua ya kuitana kwa wazee wa ukoo mnakuwa wachache.

Na mwenye kazi ya watu, sikiliza. Kila kazi ya namna hii inafanywa na watu wawili: anayeonekana pale na aliyemruhusu aende. Wapo wanandoa wengi wanaoishi mbalimbali, mmoja amepangiwa Dongobesh au Haydom, mwingine yuko Arusha au Dar. Huyo anayebaki na watoto, anayepokea simu saa nne usiku yenye mtandao wa kukatika-katika, naye anawahudumia wale wagonjwa asiowajua. Umewahi kumwambia hivyo? Mwambie leo.

Kwa nyinyi ambao bado mnachunguzana, nawapa kipimo cha bure. Usimpime mtu kwa namna anavyoomba kanisani. Panda naye daladala, angalia anavyomsemesha konda anayechelewesha chenji. Angalia anavyomwita dada wa kazi kwao. Angalia anavyowasimulia wateja wake jioni: kama watu, au kama usumbufu. Utakavyoona hapo ndivyo utakavyotendewa ukiwa mgonjwa, ukiwa mjamzito, na ukiwa huna kitu.

Kazi ya mwezi huu

Sitaki ufanye mapinduzi. Mapinduzi ni semina ya siku moja. Nataka dakika tano kwa wiki.

Siku moja kwa wiki, iwe Jumatatu, fika kazini dakika tano kabla. Usianze na simu. Jiulize: wiki hii atakuja nani ambaye hana nguvu ya kunilazimisha nimhudumie vizuri? Halafu andaa kitu kimoja kwa ajili yake. Fomu ziwe nakala za kutosha. Benchi liwe kivulini. Kalamu ya ziada iwepo. Neno moja la lugha yake likae mdomoni. Wiki inayofuata, rudia.

Mwisho wa mwezi, kaeni wawili mwambiane mmeona nini. Kama mwenzio anasema hajaona tofauti yoyote nyumbani, basi rudini mwanzo, maana kuna aliyesahaulika kwenye foleni.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo walivyotuambia wazee. Kule Haydom kibaba kilijaa watoto 19, na hakuna hata mmoja anayejua jina la mkunga aliyekuwa akifanya mazoezi na mwanasesere Jumatatu moja asubuhi, kukiwa hakuna mtu anayemwangalia.

Kwa leo naishia hapa. Mpe mwenzio salamu zangu, na yule anayekungoja dirishani kesho, muinulie kichwa. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.